Kutembelea wahitaji: kwa kundi zima au wawili wawili?

Kanisa linapotaka kuwapelekea Habari Njema wagonjwa, wajane na wafungwa, mara nyingi huchagua kati ya njia mbili: msafara wenye kwaya na misaada, au watu wawili wawili.

Msafara una nguvu yake. Hukusanya vitu vingi kwa siku moja, nyimbo huwachangamsha waliokata tamaa, na gerezani, ambako kuingia kunahitaji ruhusa, kundi moja lililojipanga hurahisisha mambo. Picha za kugawa misaada, hizo ningeziacha kabisa.

Ila mgonjwa aliyelala kitandani hawezi kumimina moyo wake mbele ya umati. Hapo ndipo wawili wanapofaa. Yesu mwenyewe aliwatuma wanafunzi wake wawili wawili (Marko 6:7), na Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, kilichoanzishwa Paris mwaka 1833 na Frédéric Ozanam na wenzake, kimeifanya ziara ya majumbani kuwa kiini cha huduma yake. Wawili hukaa, husikiliza, huona kama dawa zimekwisha, kisha hurudi. Mmoja akikosa neno, mwenzake analo. Imani huzungumzwa mwenyeji anapouliza, na akiuliza, anataka jibu kwelikweli. Kwangu hilo ni kubwa: mwenye njaa asihisi kwamba msaada unalipiwa kwa sala.

Kanisa lenye watu wachache lianze na wawili, nyumba chache, na wawe walewale kila mara. Sura ngeni kila wiki humlazimu mgonjwa kusimulia maumivu yake upya.