Nesi aliuliza kila kitu isipokuwa kwa bibi yangu

Nimeandika maoni haya ya hospitali nikafuta mara mbili, nikisubiri hasira ipoe. Haijapoa.

Msimu wa korosho uliopita bibi alibadilika ghafla. Mtu aliyekuwa anagombana na wanunuzi wa kangomba, wale wa korosho za njia za panya, juu ya vipimo, ndani ya siku mbili haitambui nyumba yake. Mchana analala. Usiku anaongea na babu, tuliyekwisha mzika, huku anaokota korosho juu ya shuka. Korosho zenyewe hazipo. Tukamteremsha kutoka Newala hadi hospitalini Mtwara mjini.

Foleni sina neno nayo. Dirisha la wazee lipo, kitambulisho chake cha msamaha kilipokelewa. Shida ni nesi. Shikamoo hakutoa. Alimtupia bibi jicho, akanigeukia mimi: "Huyu anasikia?"

Huyu! Bibi yuko pale pale, chale zake usoni, mikono mapajani. "Anaitwa nani? Anakula? Anajisaidia mwenyewe?" Kisha akamwinamia na kufoka mbele ya benchi zima: "BIBI! LEO SIKU GANI?" Bibi akanyamaza. Kiswahili anakijua, lakini akisongwa hurudi kwenye Kimakonde chake, na hata akiwa mzima hajibu kabla hajafikiri. Nesi hakungoja. "Uzee tu huo, dada. Mzoee."

Mzoee, kama paa linalovuja.

Na linaloniuma zaidi, aibu yangu hii: kila alichouliza nilijibu mimi.

Bahati daktari alisema alazwe. Usiku akaja muuguzi mwingine, binti mdogo tu. Shikamoo kwanza. Akavuta kigoda, akakaa chini kidogo ya macho ya bibi, akamshika mkono na kumuuliza kwa Kimakonde korosho anazookota ni za shamba la nani. Akanyamaza, akingoja jibu. Kimya kilikuwa kirefu hadi nikataka kujibu mimi, akanizuia kwa kiganja. Bibi akajibu! Polepole likatoka: haja ndogo inamchoma, kwa hiyo ameacha kunywa maji asije akahangaika na choo. Mkojo ukapimwa, maambukizi. Binti akatueleza kwamba kwa mzee, maambukizi na kukaukiwa maji vinaweza kuvuruga akili kwa siku chache tu, hata bila homa. Usahaulifu wa uzeeni kwa kawaida huja taratibu, miezi na miaka.

Akamuuliza pia, tangu babu aondoke usiku analala vipi, anakula na nani. Bibi akalia. Hakuna aliyewahi kumuuliza hilo, sisi wa nyumbani tukiwemo.

Kwa dripu na dawa, kama siku ya nne hivi akaniuliza wale wa kangomba wamelipa.

Nilianza na nyota moja. Kwa ajili ya binti nikataka kuweka tano, na yule wa dirishani nikamtetea: watu wamejaa, yuko peke yake, amechoka. Nikapandisha hadi tatu. Halafu nakumbuka "mzoee", nakumbuka tungeweza kumpandisha basi la Newala jioni ile ile akafie nyumbani kwa mkojo tu, narudi kwenye moja. Bibi mwenyewe anasema nimwache mtoto wa watu.

Wametuandikia turudi kliniki ya afya ya akili, wamwangalie na huzuni yake. Nimeshauliza zamu za yule binti.