Uzoefu wangu na kundi la kubadilishana vitabu Dar, mwaka na miezi miwili sasa

Mi ni msomaji wa kujifurahisha tu, sio mwalimu wala mhakiki, kazi yangu ni hesabu za duka la vipuri Kariakoo, vitabu nasoma kwenye mwendokasi na usiku watoto wakishalala. Dada mmoja tuliyekuwa tunapishana kituoni kila asubuhi ndo aliniuliza siku moja unasoma nini, tukaongea mpaka basi likatuacha, jioni yake akaniunga kwenye kundi lao. Nimekaa nao muda wa kutosha naona naweza kulisema mazuri na mabaya yake.

Linavyoenda ni hivi. Tuko watu 17, wasap ni ya matangazo tu, tunakutana Jumamosi ya mwisho ya mwezi barazani kwa mama mmoja Magomeni, mchango ni elfu mbili ya chai na vitumbua. Kila mtu anakuja na kitabu kimoja ANACHOKIPENDA, sio kile unachotaka kikutoke ndani, na kabla hujakiweka mkekani lazima utusomee kwa sauti ukurasa mmoja, wowote ule. Anayekitaka anajiandika kwenye daftari, anakaa nacho mwezi mmoja, basi. Mambo ya kuulizana dhamira hakuna.

Na hiyo sheria ya kusoma kwa sauti ndo iliyonifanya niandike haya yote. Mana mimi riwaya za Kiswahili nilizimaliza shuleni nikajua nimezimaliza. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi tuliisoma kidato cha tano, yaani hata kusema tuliisoma ni kuongeza chumvi, tulikariri notsi, wahusika hawa hapa, tamathali hizi hapa, mtihani umepita na kitabu kimepita. Sasa mwezi wangu wa pili pale mama mwenye nyumba akasoma ukurasa wa Yasmin yuko na yule mumewe Bwana Raza, mzee kabisa na yeye binti mdogo, akasoma taratibu, watu kimya, mpaka vitumbua vikapoa, nikajiuliza hivi ni kitabu kilekile kweli? Nikajiandika wa kwanza. Nimekimaliza kwa siku nne na nilipofika kwa Denge na wenzake na harakati zao za kumtoa Mwingereza nikawa nashuka kituo kinachofuata halafu narudi kwa miguu, mara mbili hiyo.

Baada ya hapo ikawa ni kama maji yamefunguliwa. Kuna kijana wa Kenya anafanya kazi hapa, yeye alileta Siku Njema ya marehemu Ken Walibora, ya mwaka 1996, akasema kwao watu wa rika lake walioisoma shule wapo mpaka leo wanaijua kwa moyo. Mi hata kuisikia sikuwahi! Na humo ndani Kongowea Mswahili anatokea Tanga, Tanga yetu hii, mama yake mwimbaji wa taarab, anaenda kumtafuta baba yake mpaka Kitale. Mtu wa Tanga mmoja kwenye kundi alikasirika kwa kweli, anasema imekuwaje kitabu kinaanzia kwetu na mi nakisikia leo. Mwalimu mmoja wa sekondari alituletea Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya 1971, ile iliyowahi kupigwa marufuku mashuleni, akatusomea Zakaria anavyomkaba binti yake mpaka hata kusalimiana na mvulana ni kosa, kinababa watatu walikuwepo na mimi nikiwemo, nina mabinti wawili, sikuongea kitu siku ile. Kwa wapenda upelelezi tunaye Bwana Msa na kiko chake, Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, imetoka 1960 na bado inakufanya usilale.

Abdulrazak Gurnah, mwandishi mzaliwa wa Zanzibar, naye hajambo hapo. Alipopata Nobel ya fasihi 2021 wengi wetu tulishangilia bila kuwahi kumsoma hata sentensi, kwa sababu anaandika Kiingereza na vitabu vyenyewe bei. Sasa riwaya yake Paradise ipo kwa Kiswahili inaitwa Peponi, ametafsiri Ida Hadjivayanis, na siku ilipoletwa kwenye mkeka waliojiandika walikuwa tisa. Yule mtoto Yusuf anayechukuliwa na tajiri kwa deni la baba yake, ye anajua anaenda safari na mjomba, halafu Khalil anamwambia kila mara huyo si mjomba wako... Ukiisikia kwa Kiswahili inakuwa maneno ya dukani kabisa, ya watu unaowajua. Mi ushauri wangu kama unaweza kusoma lugha zote mbili anza na ya Kiswahili.

Sasa mabaya. Vitabu vinachelewa, mwezi unakuwa miezi mitatu, na wa kumfuatilia mtu hakuna, ni kukumbushana tu kistaarabu wasap. Viwili vimepotea kabisa tangu niingie, kimoja kilikuwa hakichapwi tena na mwenyewe aliumia. Pia kupata vitabu vya zamani ni shughuli, mi niliagiza kimoja kwa muuzaji wa mtandaoni kwa elfu ishirini na tano, kimekuja fotokopi iliyobanwa na pini, kurasa sita hazipo na pesa haikurudi, kwa hiyo siku hizi nanunua nikiwa nimekishika mkononi, maduka ya vitabu ya Samora au wale wanaopanga vitabu chini barabarani, unafungua kwanza mwanzo, katikati na mwisho ndo unatoa hela. Jingine, wanawake waandishi tumewasoma wachache mno, kina Zainab Burhani tunawajua kwa majina, vitabu hatuvioni. Hili nimelisema kundini na nalisema na hapa.

Kingine nilichokasirika nacho mwanzoni. Niliazimisha Kuli yangu, ya huyohuyo Adam Shafi, ile ya makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa 1948, akaichukua mzee mmoja mstaafu wa bandari hapa Dar, mtu mpole hasomi kwa sauti mpaka aombwe sana. Kikarudi kimeandikwa penseli pembeni. Mi kitabu changu nakiwekea hadi jalada la gazeti, nikaumia. Nikakaa usiku na raba nianze kufuta, nikasoma kwanza. Palipotajwa gunia ameandika "bega hili", pengine "winchi ilimpiga mwenzetu hivihivi", kwenye mgomo amepiga mstari chini ya sentensi tatu na kuandika neno moja, "kabisa". Kurasa kama arobaini hivi zina maandishi yake, madogo, yamelala upande.

Raba nikairudisha kwenye mkoba wa mwanangu. Jumamosi iliyofuata nilipomwambia babu nimesoma ulichoandika akaanza kuomba radhi, nikamwambia hapana shikamoo kwanza, na nikamuomba atusomee huo ukurasa wa mgomo na maneno yake ya pembeni pamoja. Alisoma akiwa amesimama, mkono mmoja begani. Kitabu kimeshaandikiwa watu watano kwenye daftari, na kila anayekichukua namwambia kifutio marufuku.