Uzoefu wangu wa PT tatu nikisoma uhandisi wa kompyuta, Dar es Salaam

Septemba iliyopita nilikabidhi ripoti ya PT ya tatu, na hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho. PT ni mafunzo kwa vitendo. Mwaka wa masomo ukiisha, mwanafunzi wa uhandisi anakwenda kazini wiki nane, anajaza logibuku kila siku, anaandika ripoti na anapewa alama. Vyuo vingine wanaita fildi. Zangu zote tatu nimezifanyia Dar, sehemu tatu zisizofanana hata kidogo, na wadogo zangu wa mwaka wa kwanza hawaachi kuniuliza: "Dada, tuombe wapi?" Nawaandikia wao, na wazazi wanaotoa nauli.

Ya kwanza sitaikalia sana. Ilikuwa karakana ya vyuma. Tulivaa ovaroli, tukapiga tupa mpaka viganja vikaota malengelenge, tukasimama kwenye kerezo, tukajifunza kusoma vernia, kifaa cha kupimia vipimo vidogo. Nilikasirika wiki ya kwanza, nikijiuliza chuma kinamhusu nini mtu wa kompyuta. Wiki ya nane nilikuwa nimeelewa tofauti ya kupima na kukisia, na hilo bado linanisaidia. Inatosha.

Ya pili ndiyo inayoniuma. Niliipata kwenye ofisi kubwa mjini, jengo refu, jina ambalo ukilitaja nyumbani watu wanafurahi. Baba alimwambia kila mtu. Nilipofika nikakuta tuko wanafunzi kumi na mmoja kutoka vyuo mbalimbali, chumba kimoja, viti vinne. Hakuna aliyekuwa ametupangia kazi. Msimamizi alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa na majukumu yake mpaka juu ya kichwa, na kila tulipomfuata alisema, "Vijana, subirini kidogo." Tukasubiri. Tulitoa kopi, tukapanga mafaili, tukatumwa wino wa printa Kariakoo. Wengine waliacha kuja, wakawa wanasainiwa logibuku siku ya Ijumaa. Wiki nane za mtu wa miaka ishirini na mbili zinapotea hivyo, na karatasi inaonyesha amefundishwa.

Nilichokipata pale nilikipata stoo. Kulikuwa na kompyuta 14 zilizotupwa kama mbovu. Wiki ya tatu niliomba ruhusa nizifungue. Betri ndogo za CR2032 kwenye ubao mama zilikuwa zimekufa kwenye nyingi, kwa hiyo kila zikiwashwa zilikuwa zimesahau saa na mipangilio. Nyingine zilikuwa zinapiga milio tu bila picha. Nikazitoa RAM, vile vibao vya kumbukumbu, nikasugua meno yake kwa kifutio cha penseli, nikafuta vumbi, nikarudisha. Sita zilifufuka. Nilizipeleka moja moja kwenye meza za watu waliokuwa wakigawana mashine, na kuanzia siku hiyo nilianza kuitwa kwa jina. Kwa hiyo ukijikuta sehemu kama ile, usikae kwenye kiti. Tafuta stoo.

Niseme pia kuhusu barua. Kwa PT ya tatu nilipeleka barua tisa za maombi. Sita hazikujibiwa. Mbili walijibu nafasi zimejaa. Ofisi moja walinikubalia, halafu wakanitaka nilipe shilingi 50,000 za "kugharamia mafunzo" kabla ya kuripoti. Nilikataa, na sijuti. Nafasi yangu haikutoka kwenye barua hata moja. Ilitoka kwa fundi wa kampuni ndogo ya intaneti aliyekuwa juu ya ngazi nje ya hosteli yetu, anarekebisha laini. Nilimngoja ashuke, nikamwambia, "Kaka, samahani, nasoma uhandisi wa kompyuta, natafuta sehemu ya PT." Akaniuliza swali moja tu: ninaogopa urefu? Nikamwambia siogopi. Siku ya pili yake nilikuwa ofisini kwao na barua ya chuo mkononi.

Hapo ndipo nilipojua PT inatakiwa kuwa nini.

Darasani nilifundishwa kwamba mwanga unasafiri ndani ya faiba, uzi wa kioo unaobeba intaneti, kwa kuakisika ndani kwa ndani. Nimekokotoa pembe zake kwenye mtihani na nikafaulu. Uzi wenyewe sikuwahi kuushika. Siku ya kwanza fundi alinipa kipande akaniambia nikimenye. Ganda la nje, kisha utando wa rangi, kisha unabaki na kioo chenye unene wa mikromita 125, mnene kidogo kuliko unywele, na ndani yake njia ya mwanga ni kama mikromita tisa tu. Ukiugusa kwa kidole baada ya kuufuta kwa spiriti, umeuchafua, unaanza upya. Vipande vilivyokatika vinawekwa kwenye kichupa, havitupwi chini, kwa sababu kikikuchoma kwenye ngozi hukioni. Nilikata nyuzi ishirini na kitu kabla ya kupata ncha moja iliyonyooka. Fundi hakunikaripia hata mara moja. Alikuwa anasema tu, "Rudia, dada."

Rangi nilizikariri kama alfabeti: bluu, chungwa, kijani, kahawia, kijivu, nyeupe, nyekundu, nyeusi, njano, zambarau, waridi, samawati. Kumi na mbili, na mpangilio haubadiliki, kwa sababu mtu wa upande wa pili wa barabara anauamini.

Wiki ya sita, kijiko, mashine ya kuchimba ya watu wa barabara, kilikata kebo yetu ya nyuzi 24 huko Tegeta. Tulifika saa moja jioni. Kwanza fundi alichomeka kifaa kinachotuma mapigo ya mwanga na kusikiliza yanavyorudi, kikatuonyesha umbali wa mahali ilipokatika kabla hatujashuka kwenye gari. Kipande kilichoharibika kiliondolewa na kipya kikawekwa katikati, kwa hiyo kila uzi unaungwa mara mbili: maungio 48. Aliunga ya kundi la kwanza. Ya kundi la pili akanisogezea mashine ya kuyeyusha na kuunga nyuzi, akakaa pembeni na tochi. Mashine ilikuwa inasoma upotevu wa mwanga kwa desibeli, ukiwa mdogo ndiyo vizuri: 0.02, 0.01, 0.03, mimi nafurahi. Kisha moja ikasoma 0.31. Nilikuwa nimechoka, mbu wananimaliza, nikamwambia, "Kaka, si inapitisha tu?" Akasema, "Inapitisha leo. Kata." Nikakata, nikaunga tena, ikasoma 0.02. Tulifunga kasha la kulinda maungio saa saba usiku. Wateja wa mtaa ule walikuwa wamerudi hewani, na mwanga kwenye modemu ya mwisho tuliyoipima ulisoma dBm hasi 21, nguvu inayotosha, mahali ambapo jioni hapakuwa na kitu.

Njiani kurudi alinieleza jambo ambalo nilikuwa nalisikia juu juu: Mei 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu kwa wakati mmoja, na intaneti ikazorota nchi nzima. Akasema mtandao wa ndani ulikuwa mzima, barabara ya kutokea nje ndiyo iliyobanwa. Nilikuwa mmoja wa waliolaumu simu zao siku ile.

Sasa kuhusu fedha, kwa sababu hapa watu huwa wanapitia haraka. Mwaka wangu, mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, kwa mafunzo kwa vitendo ulikuwa hadi shilingi 10,000 kwa siku, kwa siku zisizozidi 56. Daladala mbili kwenda na mbili kurudi zilikula 2,600. Sahani ya wali maharage kwa mama lishe 2,000, maji, vocha. Ukiwa na mkopo na unaishi kwa ndugu, unaweza. Rafiki yangu hakuwa na mkopo. Alikuwa anashuka Mwenge na kumalizia kwa miguu, na siku nyingine alikuwa hali mchana. Kazini walidhani hana bidii kwa sababu jioni alikuwa analegea. Mwajiri akitoa nauli tu, elfu tatu kwa siku, anambadilisha mwanafunzi kabisa. Kampuni yangu ilitoa nauli na chakula cha mchana kwa zile siku za kwenda kazi ya nje, na ni kampuni ndogo.

Kwa wasichana: ulizeni siku ya kwanza mtarudije ikiwa kazi itaingia usiku. Mimi niliuliza, wakaniahidi gari mpaka getini, na usiku wa Tegeta walitimiza. Ulizeni pia helmeti na mkanda wa kupandia. Msipande nguzo bila mkanda, hata kama wavulana wote wamepanda.

Mtu wa programu asidhani haya hayamhusu. Mwenzangu wa sayansi ya kompyuta alifanya kwenye timu ya watu watano wanaotengeneza mfumo wa malipo. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kutafuta kwa nini wateja wengine wanahesabiwa wamelipa mara mbili. Akagundua ujumbe wa uthibitisho kutoka mtandao wa simu wakati mwingine unafika mara mbili, na mfumo haukuwa unaangalia namba ya muamala kabla ya kurekodi. Alirekebisha kwa mistari michache, lakini alisoma msimbo wa watu wengine kwa siku nne kufika hapo. Alirudi chuoni ni mtu mwingine.

Logibuku usiijaze Ijumaa. Yangu ya PT ya tatu ina michoro, vipimo, hata ile 0.31. Nikihitimu nataka kuingia SEAP, mpango wa miaka mitatu wa ERB, bodi ya usajili wa wahandisi, wa kumlea mhandisi mhitimu chini ya mhandisi aliyesajiliwa, na huko nako utaandika ulichofanya na nani alikusimamia. Mazoea yanaanzia hapa.

Wiki iliyopita fundi alinipigia. Kebo imekatika tena, karibu na palepale. "Dada, yale maungio yako ya mwaka jana nimeyapima, yako vilevile," akasema. Nilimwomba anitumie picha ya kasha likiwa wazi. Ninayo kwenye simu.