Habari za Septemba 3, 1967 Katika Mkahawa wa Mji wa Kale

Mkahawa mmoja mdogo wa Mji wa Kale, Mombasa, katika kichochoro kinachotokea Ndia Kuu, una huduma ambayo sijaiona kwingine pwani. Kila Alhamisi baada ya swala ya isha meza husogezwa ukutani, kahawa hupitishwa, na msimulizi huchukua siku moja tu ya miaka ya sitini akaieleza kama ilivyokuwa habarini, kwa namna ya kuchekesha. Kiingilio ni shilingi 300, na ndani yake mna kahawa chungu kadiri utakavyo, kipande cha haluwa na sahani ya viazi vya karai. Juma hili ilisimuliwa Jumapili ya Septemba 3, 1967, siku ambayo Uswidi nzima iliacha kuendesha magari upande wa kushoto ikahamia kulia.

Sifa ya kwanza ya msimulizi huyu ni kwamba haitii chumvi habari ambayo imekwisha kukolea. Alianza na saa. Usiku wa kuamkia Jumapili hiyo, kuanzia saa saba, magari yasiyo na kazi ya lazima yalipigwa marufuku barabarani. Ilipofika saa kumi na moja kasoro dakika kumi alfajiri, kila gari lililokuwa njiani lilitakiwa lisimame, livuke polepole hadi upande wa kulia, lisimame tena, kisha lingoje saa kumi na moja kamili ndipo liendelee. Dakika hizo kumi alizisimulia kwa utulivu mkubwa, akinyamaza kati ya kauli na kauli na kugeuza shingo huku na huku mithili ya dereva anayetafuta upande wake, na watu walicheka kabla hajatamka neno lolote la mzaha. Kisha akaeleza namna makutano ya barabara yalivyowekewa taa mpya zilizoviringishwa plastiki nyeusi, na mistari mipya myeupe ikachorwa mapema na kufunikwa kwa utepe mweusi, hata alfajiri ile mafundi wakawa wanazunguka mitaani kufunua barabara kama wapishi wanaofunua masufuria ya karamu. Herufi H, iliyokuwa alama ya siku hiyo, ilipigwa chapa kwenye pakiti za maziwa na hata kwenye nguo za ndani, na kukafanywa shindano la wimbo wa kuwakumbusha watu wakae kulia. Alipofika kwenye nguo za ndani, kicheko kilichukua muda kutulia, nami naona alifanya vyema kutoongeza kitu.

Ustadi wake ulidhihirika zaidi alipoihamishia habari hiyo Mombasa bila kuiharibu. Aliwataka wasikilizaji wafikirie asubuhi ya namna hiyo pale Mwembe Tayari: matatu zetu zina mlango ubavuni kushoto, ambako abiria hushukia kando ya barabara, kwa hiyo zikihamia kulia abiria wote watashukia katikati ya magari, na utingo atakuwa akiwaita wateja walio ng'ambo. Akatupitisha chini ya Pembe za Ndovu katika Barabara ya Moi, ambako waendao na warudio kila mmoja ana lango lake, akauliza ni nani atakayekubali kumwachia mwenzake lango alilolizoea tangu utotoni. Mzee mmoja aliyeketi karibu na mlango akamkatiza: "Maalim, na mikokoteni je? Mwenye mkokoteni hana upande hata leo." Akamjibu kwa adabu, "Hilo, mzee wangu, Waswidi hawakutuachia jibu lake." Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na mzee mwenyewe akacheka kuwashinda wote.

Suala la milango halikuwa la kubuni. Waswidi walilazimika kununua mabasi mapya yapatayo 1,000 yenye milango upande wa kulia, na mengine ya zamani yapatayo 8,000 yakatobolewa milango ya pili. Miji ya Gothenburg na Malmö iliona afadhali iuze mabasi yake, na wanunuzi wakawa Pakistan na Kenya. Habari hii wengi wetu hatukuitarajia. Msimulizi aliitamka mara moja, akanywa funda la kahawa, kisha akasema kwamba basi lililofukuzwa kazi kwao kwa sababu ya mlango liliajiriwa kwetu kwa sababu ya mlango uleule. Kwangu hilo ndilo lililokuwa neno bora la jioni nzima.

Nina lawama moja nzito. Katika kura ya maoni ya mwaka 1955, zaidi ya asilimia 80 ya wapiga kura wa Uswidi walilikataa badiliko hilo, na mwaka 1963 bunge lao likalipitisha hata hivyo. Msimulizi aliwageuza wapiga kura hao kuwa wajinga wanaoogopa kivuli chao, akawaigiza kwa sauti ya kitoto, na kwa muda huo simulizi lilipoteza uzito wake. Mtu ambaye mikono na macho yake vimezoea upande mmoja ana haki ya kusita. Bunge nalo lilikuwa na hoja zake: majirani wa Norwei na Ufini waliendesha kulia, na magari mengi ya Waswidi wenyewe yalikuwa na usukani upande wa kushoto, hivyo dereva aliyetaka kulipita gari jingine hakuweza kuiona vizuri barabara iliyo mbele. Kila upande ulikuwa na akili zake, na mvutano huo una vichekesho vingi zaidi kuliko kumkejeli mmojawapo. Kibaya zaidi, muda aliopoteza hapo ulimfanya apite mbio kwenye habari ya mwisho, kwamba Jumatatu iliyofuata ziliripotiwa ajali 125 tu, pungufu ya Jumatatu za kawaida, na hakuna hata mtu mmoja aliyekufa. Nchi nzima iliyotazamiwa kugongana iliendesha kwa hadhari kuliko siku zote. Hapo ndipo pangestahili robo saa nzima, naye alipapa sentensi moja.

Kuhusu huduma yenyewe, kahawa ilikuwa moto, yenye tangawizi ya kutosha, na kijana aliyeshika dele hakuacha kikombe cha mtu kikae kitupu. Haluwa ilikuwa laini. Viazi vilifika vimepoa, na ukwaju wake ulikuwa mwepesi mno. Kipaza sauti kimoja hakitoshi: akina mama waliokaa uani walisikia kicheko chetu lakini hawakusikia kilichotuchekesha, na wao wamelipa kiingilio sawa na sisi. Mwenye mkahawa aliahidi kuongeza spika, naye anapaswa kufanya hivyo kabla hajakaribisha watu tena.

Magari hayaingii kichochoroni, kwa hiyo yaache upande wa Fort Jesus uende kwa miguu. Viti vya ndani hujaa mapema. Atakayekuja na wazee awahi kuwawekea nafasi karibu na msimulizi, kwa kuwa wao ndio wanaoikumbuka miaka hiyo na ndio wanaomuuliza maswali mazuri.