Ted Lasso, msimu wa 3: saa zimeongezeka, hatua zimerukwa

Kama hujamaliza kuutazama, jua kwamba humu tunataja mambo hadi sehemu ya mwisho.

Msimu wa kwanza wa Ted Lasso, tamthilia ya kuchekesha kuhusu kocha Mmarekani anayepewa AFC Richmond, klabu ya soka ya Uingereza, ulitoka Apple TV+ Agosti 2020 ukiwa na sehemu 10 za takriban nusu saa kila moja. Jioni mbili zinatosha kuumaliza. Msimu wa tatu, uliorushwa kuanzia Machi 15 hadi Mei 31, 2023, una sehemu 12, na ukizijumlisha zinapita saa 10. Sehemu ya mwisho peke yake inazidi saa moja. Wengi walilalamika kwamba upole umezidi. Sisi hatuoni kosa lipo hapo. Kosa lipo kwenye matumizi ya muda: wako wahusika tuliosafiri nao hatua kwa hatua hadi wakaiva, na wako wengine tunaopashwa habari tu kwamba wameshafika.

Tuanze na aliyeiva, mshambuliaji wa Richmond Jamie Tartt, anayechezwa na Phil Dunster. AFC Richmond wamerudi Ligi Kuu na wanamsajili Zava, mshambuliaji ambaye kila anayefuata mpira atamkumbuka Zlatan Ibrahimović, nyota wa Sweden mwenye majigambo. Timu nzima inamwabudu. Jamie hamkubali, na Roy Kent, mmoja wa makocha wasaidizi wa Ted, anaanza kumtoa kitandani saa kumi alfajiri kwa mazoezi ya ziada. Zava anastaafu bila kuaga na timu inaporomoka. Katika sehemu ya 6, wakiwa Amsterdam, Ted anabuni mfumo wa pembetatu kutokana na mpira wa kikapu, kisha anaambiwa kwamba Waholanzi walishaucheza tangu miaka ya 1970: kila mchezaji aweze kushika nafasi ya mwenzake.

Sehemu ya 7 ndiyo somo bora la mpira katika misimu yote mitatu. Kwanza pumzi, Roy anawakimbiza mpaka wanatapika. Kisha wanabadilishana nafasi. Halafu wanafungwa kamba wao kwa wao, tena mahali pa aibu, ili kila mmoja ahisi mwenzake anakokwenda bila kugeuza shingo. Siku ya mechi na Arsenal, mfumo unagoma. Kwa nini? Kwa sababu miguu imejifunza kuzunguka lakini macho bado yanamtafuta nyota, kwa hiyo kila pasi inaishia kwa Jamie. Wakati wa mapumziko ni Jamie mwenyewe anayegundua dawa: wasiniletee mpira, waupitishe kwangu. Anashuka kucheza kiungo, na ghafla uwanja unafunguka. Mtu aliyekuwa hatoi pasi msimu wa kwanza sasa ndiye njia ya pasi zote. Hakuna hotuba iliyohitajika.

Ndiyo maana sehemu ya 11, kwenye Etihad, uwanja wa Manchester City, inagusa. Mashabiki wa City wanamzomea Jamie kwa kuwaacha, kifundo cha mguu kinamuuma, na macho yake yanazunguka majukwaani yakimtafuta baba aliyemtesa. Ted anamwambia amsamehe baba yake, si kwa faida ya baba bali kwa faida yake mwenyewe. Bao analofunga baada ya hapo linawafanya haohao waliomzomea wampigie makofi. Pep Guardiola, kocha wa City wakati huo, anaonekana kwa sura yake halisi, anampa Ted mkono. Machozi hapa yamelipiwa mapema, sehemu kwa sehemu.

Sasa Nate Shelley, aliyekuwa msaidizi wa Ted, anayechezwa na Nick Mohammed. Huyu ndiye aliyechana bango la timu lililoandikwa BELIEVE (amini) mwishoni mwa msimu wa pili akahamia West Ham kwa Rupert, mmiliki wa klabu hiyo. Deni kubwa la msimu wa tatu lilikuwa kwake: tumwone akimkana Rupert, halafu tumwone mbele ya Ted. La kwanza limekatwa katikati. Nate anaondoka kwenye baa alikopelekwa na Rupert, na baada ya hapo tunasikia tu kwamba ameshaacha kazi. Ile siku ya kusema “naondoka” haimo. La pili limebanwa sehemu ya mwisho, dakika chache, huku mambo mengine kumi yakisubiri kufungwa. Afadhali Beard, kocha msaidizi wa Ted, ambaye msamaha wake kwa Nate umepewa sababu inayotoka katika maisha yake na Ted.

Dakika zilienda wapi? Sehemu kubwa ilienda kwenye kampuni ya Keeley ya uhusiano wa umma. Rafiki yake Shandy anaingia kazini na kufukuzwa, mwekezaji wake Jack anaingia na kutoweka, na tukimaliza Keeley hana jipya alilojifunza ambalo hakulijua. Nusu ya muda huo ingetosha kulipa deni la Nate.

Sam Obisanya, mchezaji wa Richmond kutoka Nigeria, naye alistahili zaidi. Anaachwa kikosi cha Nigeria kwa hila za Edwin Akufo, tajiri wa Ghana, na hilo linapita haraka mno. Lakini Sam Richardson, anayemcheza Akufo, anawaka kweli katika sehemu ya 10. Ile Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, aliyopata kama mwigizaji mgeni ilimstahili. Ligi ya matajiri ambayo Akufo anataka kuianzisha inakumbusha ile Super League ya Aprili 2021, klabu 12, sita za Uingereza, iliyosambaratika ndani ya siku chache mashabiki walipoingia barabarani.

Mechi ya mwisho dhidi ya West Ham imepangwa vizuri: nyuma mabao mawili, penalti ya nahodha Isaac inayotoboa nyavu, kisha bao la Sam. Richmond wanamaliza nafasi ya pili. Huo ni uamuzi wa kijasiri, kwa sababu ubingwa kwa timu iliyotoka kupanda si ndoto: Nottingham Forest walipanda 1977 wakatwaa taji 1978.

Rebecca, mmiliki wa Richmond, anauza asilimia 49 ya klabu kwa mashabiki na kubaki na 51. Wa Simba na Yanga wataitambua hesabu hiyo, ila imegeuzwa: kwetu wanachama ndio wenye 51 na mwekezaji 49. Tofauti si ndogo. Mashabiki wa Richmond wana hisa, lakini neno la mwisho bado ni la Rebecca, na tamthilia inalisherehekea jambo hilo bila kuliuliza swali hata moja.

Machi 2025 Apple walitangaza msimu wa nne, Ted akifundisha timu ya wanawake, kwa hiyo huu umebaki kuwa mwisho wa hadithi ya kwanza. Alama yetu ni 7 kwa 10. Mwenye muda mchache atazame sehemu ya 1, 4, 6, 7, 9, 11 na 12; ya 9 usiiruke, ni ya wachezaji Colin na Isaac, na imeandikwa kwa mkono mwangalifu. Washa maandishi ya Kiingereza chini ya picha, maana Ted huongea mbio na utani wake ni wa Kimarekani mno. Na watoto walale kwanza: Roy anatukana si kidogo.