Nchi nzima bila nauli: treni, tramu na mabasi ya Luxemburg

Tangu tarehe 29 Februari 2020, anayepanda treni, tramu au basi ndani ya Luxemburg halipi kitu. Awe mwenyeji au mgeni aliyeshuka ndege asubuhi hiyo, ni mamoja. Hakuna kadi ya kugusisha wala kujiandikisha. Mlango ukifunguka unaingia, unakaa. Ndiyo nchi ya kwanza duniani kufuta nauli kwa usafiri wake wote wa umma. Kilichobaki kulipiwa ni daraja la kwanza kwenye treni, na ndipo wageni wanapoponzwa: tazama namba 1 ubavuni mwa behewa kabla ya kuingia, ukiiona nenda behewa lenye namba 2.

Watu husifu huo ubure, lakini nauli yenyewe ilikuwa ndogo tangu mwanzo: euro 2 kwa saa mbili, euro 4 kwa siku nzima. Tiketi zilikuwa zikiingiza yapata euro milioni 41 kwa mwaka, na kuendesha mtandao wote kuligharimu karibu milioni 500. Serikali iliachia kidogo. Sifa kubwa zaidi inastahili namna vyombo hivi vilivyounganishwa.

Mfano mzuri ni Pfaffenthal, mtaa ulio bondeni katika mji mkuu. Mji mkuu umekaa juu ya mwamba uliokatwa na mabonde ya mito Alzette na Pétrusse. Mwamba huo ndio uliofanya majeshi ya Ulaya yaung'ang'anie kama ngome, hadi mkataba wa London wa 1867 ulipoamuru ngome ibomolewe. Mabonde yakabaki, na reli ya kaskazini inapita chini kabisa, huku ofisi za Umoja wa Ulaya, ikiwemo Mahakama ya Haki na Benki ya Uwekezaji, zikiwa juu kwenye uwanda wa Kirchberg. Zamani mfanyakazi wa kutoka Ettelbruck, mji wa kaskazini, alipita chini ya ofisi yake, akafika stesheni kuu, kisha akarudi nyuma kwa basi. Tangu Desemba 2017 anashuka kituo cha Pfaffenthal-Kirchberg, chini ya Daraja Jekundu (Pont Rouge), anaingia kwenye kiberenge kinachovutwa na kebo, na kwa muda wa dakika moja hivi kimempandisha kama mita 40. Akitoka juu anakuta tramu. Anayetaka mji wa kale badala ya Kirchberg atembee bondeni hadi kwenye lifti ya kioo ya mita 71. Nayo ni bure.

Tramu yenyewe inastahili kutazamwa kwa makini. Kati ya Daraja Jekundu na stesheni kuu hakuna waya juu, ili mandhari ya mji wa kale, ulio katika orodha ya UNESCO tangu 1994, yasiharibiwe. Mkono wa juu unaochukua umeme kwenye waya unashushwa, na tramu inakwenda kwa umeme uliohifadhiwa ndani yake. Kila inaposimama kupakia abiria inachajiwa kutoka chini, kwenye kituo chenyewe, muda ule ule watu wanaposhuka na kupanda. Tangu Machi 2025 njia hiyo inaanzia uwanja wa ndege wa Findel hadi uwanja wa michezo upande wa kusini, kilomita 16 na vituo 24. Hakuna tena sababu ya kuchukua teksi Findel, labda kwa mwenye mizigo mingi.

Kusini, panda treni ya Esch na ushuke Belval-Université. Hapo utaielewa nchi kuliko kwa kusoma vitabu. Madini ya chuma ya eneo hilo yana fosforasi nyingi, na hayakuwa na thamani kubwa hadi mbinu ya Thomas na Gilchrist ya kuondoa fosforasi ilipoingia 1879. Baada ya hapo nchi ya wakulima maskini ikawa ya viwanda. Walikuja Waitaliano kuchimba, kisha Wareno tangu miaka ya 1960. Tanuru la mwisho lilizimwa 1997. Mawili yamesimama hadi leo katikati ya majengo ya chuo kikuu, na la tatu liling'olewa likauzwa China. Siku hizi fedha inatoka kwenye benki na mifuko ya uwekezaji.

Njia ya kaskazini kuelekea Clervaux na Troisvierges ndiyo nzuri kuliko zote kwa macho: mahandaki, mito, misitu ya Ösling, eneo la vilima la kaskazini. Kaa dirishani.

Sasa kasoro. Kila kiangazi vipande vya reli hufungwa kwa ujenzi na abiria huhamishiwa mabasi ya badala, hivyo angalia mobiliteit.lu siku ile ile ya safari. Namba za mabasi ya mikoani zilibadilishwa karibu zote tangu huduma iwe bure. Mwongozo wa zamani utakupoteza. Basi halisimami usiponyoosha mkono, na mlango wa treni haufunguki usipobonyeza kitufe. Majina nayo yana sura mbili: Pont Rouge kwa Kifaransa ni Rout Bréck kwenye kibao cha tramu, na Ettelbruck ni Ettelbréck.

Kasoro kubwa kuliko zote iko mpakani. Nchi ina watu wapatao 670,000, karibu nusu yao raia wa kigeni, na zaidi ya wafanyakazi 220,000 wanaingia kila siku kutoka Ufaransa, Ubelgiji na Ujerumani. Hao ndio wanaobanana kwenye treni ya Metz na Thionville, na hao ndio wanaoendelea kulipa, kwa kuwa ubure unakatika kwenye kituo cha mwisho cha Luxemburg: Bettembourg kwa njia hiyo ya Ufaransa, Kleinbettingen kwa Arlon na Brussels, Troisvierges kwa Liège. Si ajabu barabara bado zimejaa magari.

Anayekwenda Trier, Ujerumani, anunue mapema tiketi ya kuanzia Wasserbillig, kituo cha mwisho cha Luxemburg upande huo. Treni haikai pale muda wa kutosha mtu kushuka, kutafuta mashine na kupanda tena.