Uzoefu wangu wa kamera ndogo ya dijitali katika mwambao wa Kigoma

Kwa miaka mitatu nilijaribu kupiga kwa simu picha ya taa za wavuvi wa dagaa zilizotanda ziwani usiku, na kila mara nilirudi nyumbani na madoa meupe juu ya weusi uliojaa chenga. Mkazi yeyote wa Kigoma anaifahamu hali ninayoizungumzia: mbalamwezi ikishapita na giza kurudi, vipe, yaani vyombo vya wavuvi wa dagaa, huingia majini jioni, na kufikia saa 2 usiku upeo wa Ziwa Tanganyika huonekana kama mji mwingine uliojengwa kati yetu na milima ya Kongo. Picha hiyo ndiyo iliyonifanya nitafute kamera. Mimi si mpiga picha wa kulipwa; ni mtunza ghala la vifaa vya ujenzi hapa mtaa wa Mwanga, Kigoma, na ninapiga picha kwa ridhaa siku za Jumapili na usiku ambao sina zamu. Ninaandika haya baada ya kuitumia kamera ndogo ya dijitali kwa mwaka mmoja na miezi miwili, kwa ajili ya mtu mwenye kipato kama changu anayejiuliza iwapo fedha zake zitapotea bure.

Niliinunua ikiwa imetumika, katika duka moja la Kariakoo, kwa shilingi 900,000 pamoja na chaja na betri moja. Ni kamera ya kundi la sensa (kibati cha ndani kinachopokea mwanga na kuunda picha) ya inchi 1, kundi lililopata umaarufu kuanzia mwaka 2012 baada ya Sony kutoa RX100. Yangu ni ya kampuni nyingine, nami siitaji kwa jina kwa sababu mengi nitakayoyasema yanazihusu kamera zote za umbo hilo. Ina pikseli milioni 20, uzito wake ni takriban gramu 300 pamoja na betri, na lenzi yake, ambayo haibadilishwi, huona eneo sawa na lenzi ya milimita 24 (mwono mpana) hadi 100 (ya kuvuta vya mbali) katika kamera za filamu ya milimita 35. Ukiizima, lenzi hujikunja ndani na kamera hukaa mfukoni.

Jina hilo la inchi 1 lisimdanganye mtu, kwa maana ukichukua rula na kuipima sensa hiyo utakuta upana wa milimita 13.2 na kimo cha milimita 8.8, yaani eneo la milimita za mraba 116 hivi. Hata hivyo, kamera nyingi ndogo za bei nafuu zina sensa ya milimita 6.2 kwa 4.6, ambayo ni kama robo tu ya eneo hilo, na eneo ndilo linalopokea mwanga. Tundu la lenzi yangu nalo hufunguka hadi f/1.8 nikiwa sijavuta, na f/2.8 nikivuta hadi mwisho; namba hiyo ikiwa ndogo, tundu ni pana zaidi. Mambo haya mawili, ukubwa wa sensa na upana wa tundu, ndiyo niliyoyalipia. Mengine yote yaliyoandikwa kwenye boksi sikuyajali, na mpaka leo sijapata sababu ya kuyajali.

Usiku wa kwanza nilikwenda ufukweni Kibirizi, nikaiweka kamera juu ya jiwe, nikachagua ISO 200 (ISO ni kipimo cha wepesi wa kamera kuitikia mwanga), tundu la f/1.8 na sekunde 15, kisha nikatumia taima ya sekunde 2 ili kidole changu kisiitikise. Picha ilitoka safi pasipo chenga, lakini kila taa ilikuwa imegeuka kuwa mstari uliopinda, kwa kuwa chombo hakitulii majini hata siku ambayo ziwa limelala. Ilinichukua majuma mawili kuelewa kwamba nilipaswa kupunguza muda na kupandisha ISO: sekunde 4 kwa ISO 800 huingiza mwanga unaokaribiana kabisa na ule wa sekunde 15 kwa ISO 200, ila katika sekunde 4 taa hubaki nukta. Jambo la pili nililojifunza ni saa ya kupiga. Huku kwetu jua huzama karibu na saa 1 usiku, zaidi ya nusu saa baada ya Dar es Salaam, kwa kuwa tuko mbali magharibi na bado tunafuata saa ileile ya nchi nzima. Baada ya hapo kuna dakika chache tu ambazo anga huwa na ubuluu wa kuonyesha mgongo wa milima ya upande wa pili, huku vipe vya kwanza vikiwa vimekwisha kuwasha taa. Mtu akichelewa, milima hutoweka na picha hubaki kuwa nukta zisizo na mahali.

Fokasi ya kamera yenyewe gizani haitegemeki. Husonga mbele na nyuma ikitafuta kitu cha kushika, kisha hukata tamaa. Ninachofanya ni kuingia katika fokasi ya mkono, kuikuza taa moja kwenye skrini, na kuzungusha gurudumu hadi taa iwe ndogo kadiri inavyowezekana. Ni kazi ya sekunde kumi, na ndiyo iliyotenganisha picha zangu za mwezi wa kwanza na zile za baadaye.

Mara moja nahodha mmoja aliniruhusu kupanda chomboni. Humo hakuna jiwe la kuwekea kamera, kwa hiyo kasi ya shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, haikuweza kushuka chini ya sehemu 1 ya 60 ya sekunde, nami nikalazimika kupanda hadi ISO 3200. Chenga zilikuwepo, lakini si za kuharibu. Picha hizo nimezisafisha kwa ukubwa wa postikadi na hakuna aliyeziona chenga hizo. Kilichonisumbua zaidi ni rangi. Taa za betri na za sola zimechukua nafasi kubwa ya karabai, na weupe wake una ubaridi wa kibuluu, ilhali chombo jirani kilikuwa bado na karabai yenye umanjano. Kamera ikiachwa ichague rangi yenyewe hubadili mawazo kila picha. Niliufunga mpangilio wa rangi kwenye alama ya jua, nikaacha kila taa iwe na rangi yake, na hivyo ndivyo macho yangu yalivyoiona.

Ningependa sasa kukaa kidogo kwenye suala la mwanga na ngozi zetu, kwa sababu hapa ndipo kamera hii iliponifaa kuliko nilivyotarajia. Kipimo cha mwanga cha kamera yoyote hukisia kwamba jumla ya kinachoonekana ni rangi ya kijivu cha wastani. Ukimsimamisha mtu mweusi na nyuma yake kuna ziwa linalometameta, kamera huona weupe mwingi, hupunguza mwanga, na sura hugeuka kivuli. Ukimsogelea mtu huyohuyo hadi sura yake ijaze picha, kamera huona weusi mwingi, huongeza mwanga, na ngozi yake hupauka kama iliyopakwa majivu. Makosa haya mawili hukinzana, na dawa yake ni gurudumu dogo lililo juu ya kamera, la kurekebisha mwanga: katika hali ya kwanza ninaongeza hatua 1, katika ya pili ninapunguza theluthi mbili za hatua. Simu yangu ina kirekebisho cha namna hiyo pia, lakini kila nikiisogeza husahau nilichokichagua. Gurudumu hukaa pale nilipoliacha.

Mahali nilipojifunzia ni ufukwe wa Katonga, asubuhi, wakati akina mama wanapoanika dagaa. Mwambao wetu umeelekea magharibi, kwa hiyo jua la asubuhi hutokea nyuma ya vilima, upande wa nchi kavu. Ukisimama ufukweni ukaipa nchi kavu mgongo, wavuvi wanaorudi wanakujia wakiwa na mwanga usoni; jioni watu haohao, mahali hapohapo, huwa vivuli vitupu mbele ya jua. Siku hiyo nilimwamkia mama mmoja aliyekuwa akigeuza dagaa kwenye kichanja, nikamwomba nimpige picha. Aliitazama kamera, akaniuliza, "Mwanangu, utaniletea, au utaondoka nayo kama wengine?" Nilimwahidi kuileta. Nilipiga picha sita, nikipunguza mwanga kidogo kila mara, na ya tano ilikuwa na ngozi yake kama ilivyo, yenye ung'avu wa jasho kwenye paji la uso, na magamba ya dagaa hayakuungua kwa mwanga.

Studio niliyoipelekea ilitaka kuing'arisha sura kabla ya kuisafisha, kwa kuwa hivyo ndivyo wateja wengi wanavyoombwa waamini kwamba wamependeza. Nilikataa, nikasimama pale hadi ikatoka kama nilivyoipiga. Nilipompelekea, mama yule aliikazia macho kwa muda mrefu, akamwita mwenzake na kusema, "Huyu ndiye mimi. Huyu hawakumchubua." Tangu siku hiyo siombi ruhusa mara mbili Katonga, wao ndio wanaoniita.

Udogo wa kamera una sehemu yake katika jambo hili. Niliwahi kuazima kamera kubwa ya rafiki yangu nikaenda nayo soko la Ujiji, na watu waliniuliza natoka gazeti gani kabla hata sijasalimia. Kamera ya mfukoni haimtishi mtu, na mimi nikiwa nimeishusha hadi kifuani naweza kuendelea kumtazama usoni yule ninayezungumza naye.

Kasoro zipo. Kamera yangu haina kitundu cha kuchungulia, na jua la saa 6 mchana huifanya skrini isionekane kabisa. Hapo ninapiga kwa kukisia.

Masafa yake pia ni mafupi. Kwa majengo, kama stesheni ya reli iliyo mwisho wa Reli ya Kati, milimita 24 zinatosha, hata ukiwa umesimama karibu. Kwa meli kama MV Liemba, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 na kushushwa ziwani mwaka 1915, milimita 100 ukiwa kilimani hukupa meli ndogo ndani ya maji mengi, picha ambayo binafsi ninaipenda. Lakini anayenunua kamera ya aina hii kwa ajili ya sokwe wa Gombe afikirie upya. Nilipanda boti Kibirizi nikaenda na matumaini makubwa. Msitu ni wa giza, sokwe hawaruhusiwi kusogelewa, flashi haitumiki mbele yao, na mnyama aliye juu ya mti hubaki doa jeusi kati ya majani. Picha nzuri niliyorudi nayo ni ya mkono wa sokwe mama aliyepita karibu na njia pasipo kututazama, na hiyo ilikuwa bahati.

Tatizo kubwa kuliko yote nilijisababishia mwenyewe. Nilipokuwa Katonga niliiweka kamera ikiwa imewashwa juu ya turubai lenye mchanga, upepo ukavuma, na nilipoizima lenzi iligoma katikati huku ikitoa mlio wa kusaga. Lenzi inayojikunja ina mwanya mwembamba kati ya bomba moja na jingine, na punje moja inatosha kuukwamisha. Sikuilazimisha, na ninamsihi yeyote asiilazimishe, kwa maana gurudumu la ndani ni la plastiki na likikatika meno kamera imekwisha. Fundi mmoja wa simu hapa Mwanga aliigeuza lenzi ielekee chini, akapuliza kwa puto la mpira, akaupitisha ukingo wa karatasi laini katika mwanya ule, na punje tatu zikadondoka. Nililipa shilingi 15,000. Siku hizi kamera hukaa ndani ya mfuko wa nailoni wenye zipu, na haitoki hadi nimejua ninachotaka kupiga.

Betri moja hunipa picha 200 hivi, pungufu usiku, kwa hiyo nilinunua ya pili mwezi wa kwanza. Ninapiga faili ghafi, yaani picha ambayo kamera haijaichakata, pamoja na JPEG, faili ya kawaida ya picha. Memori kadi ya GB 32 inanitosha miezi.

Ningeinunua tena, na kwa bei ileile. Anayetafuta iliyotumika aiwashe na kuizima mara kumi mbele ya muuzaji akisikiliza lenzi: mlio uwe mmoja, laini, usio na kusita. Avute hadi mwisho na kurudi. Afungue kifuniko cha betri akague kama vibati vina kutu ya kijani, dalili ya kwamba kamera iliwahi kulowa. Mwisho apige ukuta mweupe kwa tundu la f/11 mara mbili, akiisogeza kamera kidogo, kisha azikuze picha hizo kwenye skrini. Doa la kijivu linalobaki mahali palepale katika picha zote mbili ni vumbi lililokwisha kufika kwenye sensa, na kuliondoa hakuwezekani bila kuibomoa lenzi yote. Kamera ya namna hiyo airudishe kaunta hata akipunguziwa nusu ya bei.